Nizimaje seva inayotumiwa na watu wengi bila kuharibu kitu?

Swali: Shikamoo kaka. Niko kwenye ghala la dagaa Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni. Jamaa aliyekuwa anaangalia seva aliondoka, nikaachiwa mimi ingawa nilisomea uhasibu. Seva ni Ubuntu, ina programu ya mauzo na stoo ambayo watu wanaifungua kwenye brauza, databesi yake ni MariaDB, pia kuna folda ya mafaili ya ofisi tunayoshea na kompyuta zetu za Windows. Tunaoitumia ni kama 20, wengine wako matawi ya Nansio na Sengerema. Jumamosi fundi umeme anabadilisha meni swichi na mabreka, bosi kasema nizime seva kabla hajaanza. Jamaa wa zamani alikuwa anabonyeza tu kitufe cha pawa mpaka inazima. Nifanyeje isiharibike, maana mahesabu yote yako humo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana kuuliza mapema, maana wengi wanauliza Jumatatu asubuhi seva imeshagoma kuwaka na wateja wamejaa mlangoni. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu amri yenyewe ya kuzima unaiandika kwa sekunde tano, kazi yote iko kabla ya hapo, yaani kuhakikisha hakuna mtu wala programu yenye kitu ambacho bado hakijafika kwenye diski. Na kwako wewe hilo ni gumu zaidi kwa sababu ya hao wa Nansio na Sengerema ambao huwaoni.

Tuanze na hicho kitufe. Ukikibonyeza mara moja na kukiachia, Ubuntu inapokea kama ombi la kuzima na inafunga vitu vyake kwa utaratibu, sio mbaya sana ingawa watu waliomo hawapewi muda wowote. Ila ukikishikilia sekunde nne tano mpaka taa zife, hapo ni sawasawa na kung'oa waya ukutani. Kama jamaa alikuwa anashikilia basi mmenusurika tu. Hatari yake ni hii: programu ikiandika kitu, Linux, ambayo ndo msingi wa Ubuntu, haikimbilii diski pale pale, inaweka kwanza kwenye memori alafu inapeleka diski kwa mafungu, na kwa seti yake ya kawaida data inaweza kukaa kwenye memori hadi sekunde 30 hivi. Umeme ukikatwa hapo katikati, kilichokuwa memori kimeenda. Ni kweli faili sistimu ya ext4 inaandika mabadiliko kwenye daftari lake kabla ya kuyafanya, kwa hiyo mpangilio wa mafaili mara nyingi unapona, lakini daftari hilo linalinda mpangilio, halilindi namba zilizokuwa ndani ya Excel ya mtu. MariaDB nayo ina kinga yake kwa meza za aina ya InnoDB, ikiwaka inasoma logi yake na kujirekebisha, ila kama programu yenu ni ya zamani na bado ina meza za aina ya MyISAM hizo ndo zinazovunjika kirahisi. Ingia kwenye databesi uandike `SHOW TABLE STATUS;` uangalie safu ya Engine inayotaja aina ya kila meza, ujue uko upande gani.

Kuhusu muda, siku imeshapangwa ila saa unaweza kuchagua, na usichague usiku eti kwa sababu hakuna watu. Huku kwetu ziwani mvua za radi zinapenda usiku kuelekea alfajiri, alafu kitu kikigoma saa nane usiku utampigia nani? Chagua mchana ambao kazi imepoa na watu wa kukusaidia wapo. Na siku nyingine ukipewa uhuru wa kupanga matengenezo mwenyewe, fuata mwezi. Biashara yenu unaijua kuliko mimi: kipindi cha giza mitumbwi inatoka na taa, asubuhi mzigo unashuka, makarani hawapumui, lakini mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliki na kazi inapungua. Hapo ndo pa kuzima seva kwa utulivu, kuliko kushika tarehe ya mwisho wa mwezi ambayo nyie wahasibu mnafunga hesabu.

Ijumaa fanya bakapu. `mysqldump --single-transaction` kwa databesi, na mafaili ya folda ya ofisi uyakopi kwenye diski ya nje, alafu hiyo diski uichomoe uiweke mbali na seva. Usiishie kuona faili lipo, lifungue kwenye kompyuta nyingine au walau utazame mwisho wake, dump, yaani hilo faili la bakapu ya databesi, ikikamilika inamalizika na mstari unaosema Dump completed. Siku hiyo hiyo andika `uptime`. Kama inakwambia seva haijazimwa mwaka mzima, kuwa na wasiwasi wa haki kabisa, kwa sababu diski iliyozunguka muda mrefu bila kupumzika wakati mwingine ikisimama hairudi tena, na pia kuna vitu jamaa aliyeondoka alivianzisha kwa mkono ambavyo havitajiwasha vyenyewe. Kagua kwa `systemctl is-enabled apache2 mariadb smbd`, apache2 ndo inayohudumia watu wa brauza na smbd ndo inayoshea folda, kila kimoja kikujibu enabled, yaani kitajiwasha chenyewe. Na uliza mapema kama diski imefungwa kwa paswedi ya kuwashia, maana ikiwa imefungwa seva itasimama inasubiri mtu aandike kwenye kibodi yake, na kama hiyo paswedi anayo jamaa peke yake basi mtafute leo, sio Jumamosi.

Sasa watu. Mafundi wengi watakwambia andika `w` uone waliomo, na ni kweli utaona majina, wameingia kutoka wapi, na safu ya IDLE inayoonyesha mtu amekaa muda gani bila kugusa kitu. Ila kwenye mfumo kama wenu `w` itakuonyesha wewe peke yako na utadhani nyumba iko tupu! Inaonyesha tu walioingia kwa terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri. Karani wa Nansio aliefungua programu kwenye brauza hayumo humo, na aliefungua faili kwenye folda ya kushea naye hayumo. Kwa hiyo angalia sehemu tatu. `w` kwa wa terminali. `sudo smbstatus` kwa wa folda (sudo ni kutoa amri kwa mamlaka ya msimamizi mkuu), hii chini kabisa inakuorodheshea mafaili yaliyofunguliwa sasa hivi, utakuta kwa mfano malipo ya wabebaji yako wazi kwenye kompyuta ya keshia aliefunga skrini akaenda kula. Na kwa wa brauza andika `sudo tail -f /var/log/apache2/access.log`, utaona mistari inashuka kila mtu anapobonyeza kitu, mwanzoni mwa kila mstari kuna anwani ya kompyuta husika, ukijua anwani za Nansio zinaanzaje utajua bado wanafanya kazi. Kama badala ya apache2 mnatumia nginx, badilisha hilo jina la folda.

Hata hapo kuna mtu seva yenyewe haimjui. Karani amefungua fomu ya mauzo, anajaza mistari 15 ya magunia, bei, jina la mteja, hajabonyeza kutuma. Mpaka atume, kazi yote hiyo iko kwenye brauza yake tu, kwenye logi ataonekana kama mtu alienyamaza nusu saa. Hakuna amri itakayokuonyesha huyo. Dawa yake ni simu: piga Nansio, piga Sengerema, mtu mmoja kila tawi akujibu kwa mdomo wake kwamba wote wametuma na wametoka. Meseji ya kwenye grupu ikiwa na tiki mbili haimaanishi mtu amefunga kazi.

Tangazo lenyewe lianze Ijumaa jioni kwenye grupu, lirudiwe Jumamosi asubuhi, kisha nusu saa kabla, kisha dakika kumi. Liseme nini kinazimwa, saa ngapi, wafanye nini, na kinarudi lini. Mfano: "Mfumo wa mauzo na folda ya ofisi vitazimwa leo saa 8:00 mchana kwa ajili ya fundi umeme. Kabla ya saa 7:45 tuma fomu zote, sevu na funga mafaili, toka kwenye mfumo. Tunatarajia kurudi saa 11 jioni. Mauzo ya katikati hapo andikeni kwenye kitabu cha risiti." Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau, watu wa stoo wasipoambiwa pa kuandika watarudia kukuomba uwashe kidogo tu.

Na hapo kwenye saa naomba uwe makini mno. Saa nane mchana kwako ni 14:00 kwa seva. Ukiandika `shutdown 8:00` mchana ule, seva itaelewa saa mbili asubuhi ya kesho yake, wewe umekaa unasubiri na fundi ameshika bisibisi. Lingine, seva nyingi zinaachwa na saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa masaa 3, kwa hiyo hata ukiandika 14:00 kwa usahihi itazima saa 11 jioni yetu. Andika `timedatectl` uone inasemaje, kama sio Africa/Dar_es_Salaam rekebisha kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, na hii ifanye mapema wiki hii, isiwe siku yenyewe, maana inaweza kubadilisha muda wa kazi za kujiendesha. Kama saa zinakuchanganya tumia dakika, `+30` haina utata wowote.

Jumamosi yenyewe, saa saba na nusu hivi, kaa kwenye kompyuta yako uingie kwenye seva. Kabla ya chochote andika `hostname` uhakikishe uko kwenye seva sahihi, kama mna seva mbili ni rahisi sana kuzima isiyohusika kwa sababu madirisha yanafanana. Kuna kiprogramu kinaitwa molly-guard, ukikisakinisha kinakulazimisha kuandika jina la seva kabla ya kuizima kwa mbali, mimi naona kila mtu angekiweka. Kisha:

`sudo shutdown -h +30 "Seva inazimwa saa 8:00 mchana, sevu kazi zako utoke"`

Hii inapanga kuzima baada ya dakika 30 na kuwatangazia wa terminali. Wa brauza na wa folda hawataona hilo tangazo, ndo maana simu. Mambo yakibadilika, labda fundi amechelewa, `sudo shutdown -c` inafuta mpango na hakuna kilichoharibika. Zikibaki dakika 5, mfumo unaweka faili la /run/nologin na kuanzia hapo hakuna anaeweza kuingia kwa terminali isipokuwa root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu. Sikiliza vizuri hapa: Ubuntu kwa kawaida root haina paswedi, kwa hiyo hata wewe mwenye sudo ukitoka dakika hizo hurudi ndani. Usifunge dirisha lako. Kuna wanaopenda kuweka faili la /etc/nologin kwa mkono ili wafunge mlango mapema zaidi, inafanya kazi, ila la kwenye /run linafutika lenyewe seva ikizima wakati la kwenye /etc linabaki mpaka ulifute, alafu Jumatatu watu wanagoma kuingia na wewe pia uko nje. Kwa ukubwa wa ofisi yenu huihitaji hiyo.

Ndani ya hizo dakika 30 ndo unafunga huduma moja moja kwa mkono wako, kuanzia nje kwenda ndani, yaani kwanza kile watu wanachogusa, mwisho kile kinachohifadhi. Rudia kuangalia smbstatus, ikiwa safi `sudo systemctl stop smbd`. Matawi yakishajibu, andika kwenye karatasi namba ya risiti ya mwisho inayoonekana kwenye programu na kiasi chake, kisha `sudo systemctl stop apache2`. Sasa hakuna anaeweza kupeleka kitu kwenye databesi, ndipo unaisimamisha nayo: `sudo systemctl stop mariadb`. Hapa usiwe na haraka. Fungua dirisha lingine mapema na `sudo journalctl -u mariadb -f` uangalie inavyoshusha kilichokuwa memori kwenda diski, na usiiache mpaka uone maneno Shutdown complete. Ikichukua dakika kadhaa iache ichukue. Mtu akikushauri `kill -9` kwa sababu inachelewa mkatalie, amri hiyo inaiua databesi bila kuipa nafasi ya kuandika chochote.

Sababu ya kufunga kwa mkono wakati shutdown ingefunga yenyewe ni hii: seva ikizima inatuma kila programu ombi la kumaliza, inasubiri, kwa kawaida sekunde 90, na isiyomaliza inakatwa kwa nguvu. Programu nyingi zinatosheka na muda huo. Databesi iliyojaa kwenye diski nzito inaweza isitosheke, na wewe utakuwa unatazama skrini nyeusi usijue. Ukifunga mwenyewe unaona.

Angalia pia kama kuna kazi inaendelea kimyakimya, bakapu ya kujiendesha au masasisho ya Ubuntu. `ps aux | grep -E 'apt|dpkg|rsync|mysqldump'` itakuonyesha. Seva ikiwa katikati ya kusakinisha masasisho subiri imalize, ukizima hapo unaweza kukuta haiwaki kabisa.

Ikifika saa nane inazima. Nenda mpaka ilipo, usiamini dirisha la mbali kukatika, maana seva kupotea kwenye mtandao sio ushahidi kwamba imezima. Subiri feni zinyamaze na taa ya pawa ife. Baada ya hapo zima UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, kama mnayo, alafu chomoa waya wa seva ukutani, na ukute seva nyingi zina pawa saplai mbili kwa hiyo nyaya ni mbili. Wengi hawachomoi kwa kuona imeshazimwa tu. Lakini kwenye BIOS za seva, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, kuna seti ya kujiwasha umeme ukirudi, na fundi akibadilisha mabreka lazima atajaribu, anawasha, anazima, anawasha tena. Seva yako itaanza kuwaka, itakatwa ikiwa katikati, itaanza tena, na kazi yote ya kuizima taratibu umeipoteza kwa mtu ambae hata hajui kuna seva humo ndani. Waya uwe chini, uweke na karatasi "usichomeke".

Kama itatokea imeganda na haitii amri yoyote, kabla ya kushikilia kitufe jaribu kibodi ya seva yenyewe: shikilia Alt na SysRq, ambayo ni ile ya PrintScreen, alafu bonyeza S, subiri sekunde chache, U, subiri, kisha O. Ya kwanza inalazimisha memori kwenda diski, ya pili inafanya diski isiandikike tena, ya tatu inazima. Ubuntu inaruhusu hizo tatu bila kubadilisha chochote.

Mkiwa na seva ya Windows mahali pengine mpango ni ule ule: `query user` kuona waliomo, `msg *` kuwatangazia, `change logon /drain` kuzuia wapya, `shutdown /s /t 1800` kuipangia nusu saa, na `shutdown /a` kughairi.

Kuhusu UPS niseme hata kama hukuuliza, maana Jumamosi umepewa taarifa lakini umeme mwingine unakatika bila kukuambia, au Luku inaisha Jumapili ofisi imefungwa. UPS peke yake inakununulia dakika, haizimi seva. Nyuma ya UPS nyingi kuna tundu la USB, kebo iwe imeingia kwenye seva, alafu sakinisha programu inayoitwa NUT, inasoma chaji ya betri na ikishuka inaizima seva kwa utaratibu huu huu wa kistaarabu hata wewe ukiwa kanisani. Ofisi nyingi naona ile kebo bado iko kwenye boksi. Jaribu pia betri yenyewe, ikishakaa miaka kadhaa inaweza kukuahidi dakika 20 ikakupa mbili, kwa hiyo iagize NUT izime mapema, ikibaki nusu sio ikibaki asilimia tano.

Kuwasha fuata kinyume. Subiri fundi amalize kabisa na aseme amemaliza, umeme utulie, washa UPS, kisha swichi na rauta, mwisho seva. Ikiwaka usitangaze chochote bado. Ingia mwenyewe, andika `systemctl --failed`, isikuonyeshe kitu, alafu `last -x | head` uone mstari wa shutdown ule wa saa nane, hapo unajua ilizima vizuri. Fungua programu kwenye brauza, tafuta ile risiti uliyoandika kwenye karatasi, namba na kiasi vilingane. Fungua faili moja la kwenye folda. Piga Nansio mtu mmoja ajaribu kuingia na kutengeneza risiti moja ya kweli kutoka kwenye kitabu, akifanikiwa fanya hivyo na Sengerema, ndipo uandike kwenye grupu kwamba mfumo umerudi na waanze kuingiza mauzo ya mchana.